Wafanyakazi: Sifuri

Mzee Pamba aliitwa hospitalini siku ya Jumatatu, na kwa kuwa ni yeye aliyeitwa, alioga. Alivaa shati jeupe la mikono mirefu, akachana nywele, akatoka akiwa safi kabisa isipokuwa zile nyuzi nyeupe zilizong'ang'ania ndevuni, ambazo wala hazikuwa mvi. Ukikaa na pamba miaka ishirini na minane haikutoki mwilini hata ukijisugua kwa jiwe. Ndiyo maana mji mzima ulimwita Mzee Pamba, na mkewe akaitwa Mama Pamba bila mtu kumuuliza kama anapenda.

Walikuwa na kiwanda cha magodoro. Kwenye kibao kiliandikwa hivyo, kiwanda, na sisi tutakiita hivyohivyo, ingawa kilikuwa banda la mabati nyuma ya nyumba. Mama Pamba alikata na kushona. Mdogo wake Mzee Pamba, aliyeitwa Kimya kwa sababu zinazojulikana, alikata sponji na kushindilia pamba. Shangazi, dada yao mkubwa, alichambua pamba akiwa amefunga kitambaa puani. Binti alipima vitambaa, akashona zipu na kupokea oda. Mzee Pamba mwenyewe aliuza, na kusimamia. Kusimamia, kwa jinsi majirani walivyoona, kulikuwa ni kusimama.

Zaidi ya nusu ya kazi yao ilitoka hospitali. Kila mwaka hospitali iliagiza magodoro ya wagonjwa, yale ya sponji yaliyovikwa raksini isiyopitisha maji, na kila mwaka Mzee Pamba aliyapeleka mwenyewe, akanywa chai na mtu wa stoo, akarudi. Safari hii hakukuwa na chai.

Afisa ununuzi alikuwa kijana mpole mwenye meza safi. Alimkaribisha kiti, na kwa kuwa kiti kilikuwa na faili juu yake, Mzee Pamba akalichukua faili, akakaa, akalipakata kama mtoto wa watu.

"Mzee wangu, mwaka huu tumebadilisha utaratibu," alisema Afisa. "Zamani tulikuwa tunachagua kwa kujuana. Sasa tunatumia Kitafutio."

"Kitafutio ndiyo nani?"

"Si mtu, mzee. Kiko kwenye mtandao. Kampuni zote zilizosajiliwa zimo humo. Unaandika biashara unayoitaka, inakuja orodha, halafu unaipanga upendavyo. Kwa umri, au kwa ukubwa."

Aliigeuza kompyuta ili mgeni aone. Akaandika "magodoro", akabonyeza penye "umri", na majina yakapandana. Kampuni ya Mzee Pamba ilipaa ikatua nafasi ya pili.

"Huyo wa kwanza alishafariki," alisema Mzee Pamba. "Duka lake siku hizi ni la kinyozi."

"Kwenye mfumo bado yupo."

"Kwa hiyo kati ya walio hai mimi ndiye wa kwanza."

"Kwa umri, ndiyo. Hongera sana."

Mzee Pamba aliona raha, asikuficheni mtu. Akajikuna ndevu, uzi mmoja ukadondokea kwenye faili. Ndipo Afisa akabonyeza penye "ukubwa". Majina yakaporomoka. Afisa akateremsha orodha, akateremsha tena, akapita kampuni ya bwana mmoja aliyeuza magodoro na miavuli peke yake, na chini ya huyo, mwisho kabisa, pasipo na mtu mwingine wa kumpa kampani, akamkuta Mzee Pamba. Pembeni paliandikwa: Wafanyakazi, 0.

"Hiyo ni nini?"

"Sifuri, mzee."

"Sasa magodoro tuliyowaletea miaka yote hii alishona nani?"

"Na mhasibu ameuliza hivyohivyo."

"Tumeshona sisi."

"Sisi akina nani?"

"Mimi, mke wangu, mdogo wangu, dada yangu na binti yangu."

"Aa! Kumbe wafanyakazi mnao."

"Hapana," alisema Mzee Pamba. "Hao ni familia."

Afisa alimtazama kwa heshima zote. Kila mwaka kampuni hutuma taarifa zake kwa msajili, na kila mwaka, pale palipoulizwa idadi ya wafanyakazi, Mzee Pamba alijaza kwa mkono wake kwamba hakuna. Hakuona kwamba anadanganya. Mtu atamwajirije dada yake aliyembeba mgongoni? Atamwajirije mke? Angeulizwa na wakwe, angejibu nini? Hayo yote aliyaeleza pale ofisini, na yalikuwa kweli. Jambo ambalo hakulieleza ni kwamba aliwahi kusikia barazani kuwa kila mfanyakazi unayemwandika anakuja na tozo yake. Hakulichunguza. Uvumi unaokufaa huulizi umetoka wapi.

"Mwaka huu tunataka kampuni ya miaka kumi au zaidi," alisema Afisa, "yenye wafanyakazi wanne au zaidi. Orodha inafungwa Ijumaa jioni."

"Mwanangu, magodoro yangu si unayajua?"

"Nayajua. Mama yangu alilazwa hapa, alilalia la kwenu. Lakini si mimi ninayekuondoa, mzee. Chujio ndilo linakuondoa."

"Basi nisemee kwa hilo chujio."

"Halisikii, mzee wangu," alisema Afisa, akanyoosha mkono kulipokea faili.

*

Alifika nyumbani wakati wa chakula cha mchana. Walikuwa wamekaa mkekani bandani, katikati ya vipande vya sponji, wanamngoja. Mama Pamba alimnawisha mikono, akamwacha amege matonge mawili, kisha akauliza.

"Wamesemaje?"

"Wametusifu. Kwa umri sisi ni wa pili mji mzima. Wa kwanza marehemu."

"Na oda?"

"Oda bado. Kuna kitu kidogo cha kurekebisha." Akameza. "Idadi ya wafanyakazi inasoma sifuri."

Binti akaacha kula. "Sifuri vipi, baba? Sisi tumeandikwa wapi?"

"Hamjaandikwa."

"Sote?"

"Mimi nimeandikwa. Kama mwanzilishi."

Shangazi alifungua kitambaa kilichokuwa bado kinaning'inia shingoni, akakikunja, akakiweka pajani. Mama Pamba alikuwa mwanamke mkubwa wa mwili, mpole, mwenye vidole vilivyopinda kidogo kwa ajili ya sindano ya godoro, ile ndefu kama kijiti cha mshikaki.

"Kwa hiyo," alisema, "siku nikianguka hapa na mkasi mkononi, watasema nilikuwa nimetembelea?"

"Mke wangu, ni maneno ya karatasi tu hayo."

"Kama ni ya karatasi tu, mbona hujamaliza hata sahani?"

Ni kweli hakuwa amemaliza. Bila hospitali, banda lile lisingefika mwisho wa mwaka, na kila aliyekaa mkekani alilijua hilo. Wateja wa kawaida walikuwa wamebaki wachache, wengi wao wazee waliopenda pamba, na wazee wana tabia ya kupungua. Kimya alisukuma bakuli la maji kuelekea kwa kaka yake. Ndiyo pole yake, hakuwa na nyingine.

*

Baada ya chakula Binti alifungua Kitafutio kwenye simu. Ikaonekana jambo lenyewe si gumu. Unaingia kwenye ukurasa wa kampuni yako, unamwandika kila mfanyakazi: jina, cheo, mshahara, tarehe aliyoanza kazi. Kisha yeye mwenyewe anatumiwa ujumbe kwenye simu yake, anaulizwa kama ni kweli. Akithibitisha, anahesabiwa.

"Tuko wanne kamili," alisema Mzee Pamba, uso umechangamka. "Mama yenu, Kimya, Shangazi na wewe. Mungu hamtupi mja wake. Andika."

"Tuanze na Shangazi. Cheo?"

"Mkuu wa Kitengo cha Pamba," alisema Shangazi papo hapo, kama mtu aliyekuwa akilingoja swali hilo maisha yake yote.

"Kitengo chenyewe kina mtu mmoja, dada."

"Ndiyo maana nakimudu."

Binti akaandika. "Mshahara?"

Hapo pakawa kimya, na aliyekivunja alikuwa Kimya mwenyewe. "Eh, mshahara," alisema. Wote wakageuka kumwangalia.

"Jamani," alisema Mzee Pamba, "si mnakula hapa? Si mnalala hapa? Nani amewahi kulala na njaa?"

"Hata kuku anakula," alisema Shangazi. "Tena yeye hachambui pamba."

Wakavutana hadi jua likahama mlangoni. Mzee Pamba alitaja kiasi, Shangazi akacheka kwa sauti mpaka akakohoa pamba. Akataja kingine. Kimya akatikisa kichwa mara moja tu, na kutikisa kichwa kwa Kimya ni hotuba. Mwishowe wakakubaliana kiasi kimoja kwa wote, kidogo, lakini cha kupokelewa mkononi kila mwisho wa mwezi, na Mzee Pamba akajifuta jasho akidhani ng'ombe ameliwa umebaki mkia.

"Mama sasa," alisema Binti. "Cheo?"

"Msaidizi," alisema Mzee Pamba.

Binti hakuandika. Alimtazama mama yake.

"Msaidizi wa nani?" aliuliza Mama Pamba.

"Wangu."

"Wewe unashona nini, mume wangu, nikusaidie?"

"Haya, haya, andika Fundi Mkuu. Twende."

"Tarehe ya kuanza kazi?"

Mama Pamba aliitaja bila kufikiri, siku, mwezi na mwaka. Binti akaiandika. Simu ikatetemeka, mstari mwekundu ukatokea, na Binti akausoma kwa sauti: "Tarehe ya kuanza kazi haiwezi kutangulia tarehe ya kuanzishwa kwa kampuni."

"Umekosea," alisema Mzee Pamba.

"Hajakosea," alisema Mama Pamba.

Na kweli hakuwa amekosea. Mama Pamba alijifunza kushona magodoro kwa baba yake. Alipoolewa alikuja na sindano yake, akawa anashona kwenye kibaraza, godoro moja moja, kwa majirani. Mzee Pamba wakati huo aliuza viatu vya mitumba, na viatu vilikuwa vimemdodea. Siku moja akajitwika kichwani godoro la mkewe, akalizungusha mitaani, likauzwa kabla ya adhuhuri. Akaacha viatu. Mwaka mmoja na nusu baadaye wakaenda pamoja kusajili kampuni. Ofisi ile ilikuwa na kiti kimoja cha wageni. Karani aliuliza mwanzilishi ni nani, na aliyekuwa kwenye kiti akasema ni mimi. Mama Pamba alikuwa kwenye ukumbi wa nje, anamnyonyesha Binti huyuhuyu.

"Mfumo una maana hii," alisema Binti taratibu. "Mtu aliyeanza kazi kabla kampuni haijakuwepo hawezi kuwa mfanyakazi wake. Huyo ndiye mwanzilishi."

"Basi weka tarehe ya kampuni yenyewe," alisema Mzee Pamba. "Siku ileile. Nani atajua?"

"Mimi," alisema Mama Pamba.

"Mke wangu! Ni mwaka mmoja na nusu tu!"

"Ulikuwa wa kwangu. Huo ujumbe ukija kuniuliza kama ni kweli, nitasema si kweli."

"Utatukosesha hospitali? Unajua sote tutakula nini?"

"Najua. Mimi ndiye ninayepika."

Aliyasema hayo bila kupandisha sauti, kisha akainama kuokota kitambaa ambacho hakikuwa kimeanguka. Alikuwa ameumia. Miaka yote alijua kwamba mumewe ndiye anayejulikana mjini, na hilo halikumsumbua, mtu wa mauzo lazima ajulikane. Hakujua kwamba mahali fulani, kwenye orodha inayoweza kufunguliwa na mtu yeyote mwenye simu, palikuwa pameandikwa kwamba katika banda hili hapafanyi kazi mtu.

Binti alikohoa. "Kuna njia moja," alisema. "Mama awekwe mwanzilishi. Mwanzilishi hahesabiwi, kwa hiyo tunabaki watatu. Wa nne awe baba."

"Wa nne nini?"

"Mfanyakazi."

Shangazi alijiziba uso kwa kitambaa chake haraka, lakini mabega yalikuwa yanacheka. Mzee Pamba alisimama. Alijipangusa suruali, akavaa ndara, akasema kwamba mji huu una watu tele wenye shida ya kazi, na yeye anakwenda kumleta mfanyakazi wa kweli, asiye na mambo mengi.

*

Alizunguka siku mbili. Vijana aliowakuta hawakujua hata sindano inashikwa upande gani. Jumatano jioni akaenda kwa Fundi Viti, bwana aliyeshona viti vya magari chini ya turubai karibu na gereji, mtu anayejua raksini kuliko mtu yeyote. Biashara ya viti ilikuwa imelala. Alimkuta amekaa kwenye kiti cha nyuma cha gari ambalo halikuwepo.

"Nimekuletea ajira," alisema Mzee Pamba.

"Karibu. Kaa hapo mbele, kwa dereva."

Mzee Pamba akakaa kwenye kiti cha dereva, wakawa wanaongea bila kutazamana, kama watu walio safarini.

"Kazi ni kushona. Mshahara upo." Akautaja, ule waliokubaliana bandani.

"Huo ni wa wiki?"

"Wa mwezi."

"Na kuingia saa ngapi?"

"Kukipambazuka."

"Kutoka?"

"Kazi ikiisha."

"Inaisha saa ngapi?"

Mzee Pamba alijaribu kukumbuka. Hakuwahi kuiona ikiisha. Yeye alipolala taa ya bandani ilikuwa inawaka, na alipoamka ilikuwa imezimwa, akachukulia kwamba kuna wakati huwa wanaizima. "Inategemea," alisema.

"Siku ya mapumziko?"

"Tukipata nafasi."

"Nikiumwa?"

"Hatujawahi kupata tatizo hilo."

"Hakuna anayeumwa?"

"Hakuna aliyewahi kusema."

"Na fundi wenu sasa hivi ni nani? Nitakuwa chini ya nani?"

"Mke wangu."

"Yeye anafanya kwa masharti hayohayo?"

"Yeye hadi leo hana mshahara," alisema Mzee Pamba, na alipolisikia likitoka alitamani kulirudisha, lakini neno likishatoka limetoka.

Fundi Viti aligeuka, akamtazama kwa mara ya kwanza. Hakuwa mtu mkorofi. Alisema kwa huruma kabisa: "Mzee Pamba, mimi nina njaa, sikufichi. Tangu wiki iliyopita sijashika kiti. Lakini kwa masharti hayo hata punda angeandika barua ya kuacha kazi." Akamshika bega. "Msalimie sana shemeji. Mwambie nampa pole."

Mzee Pamba alitembea hadi nyumbani akiwa na hiyo pole mdomoni. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumpa pole ya kwenda kumfikishia mkewe, na hakujua atafikisha vipi kitu ambacho yeye ndiye chanzo chake.

*

Hakuifikisha siku ile. Alhamisi asubuhi alimkuta mkewe peke yake bandani, amepiga magoti juu ya godoro la pamba, anapitisha sindano ndefu juu chini ili pamba isikimbie. Mzee Pamba akakaa juu ya rundo la sponji.

"Fundi Viti amekataa."

"Alitaka nini?"

"Alitaka kujua anatoka saa ngapi. Na awe na siku moja ya kupumzika. Na akiumwa alale."

"Ana akili."

Sindano ikazama, ikatokea upande wa pili, uzi ukavutwa. Mzee Pamba aliutazama mkono wa mkewe. Alikuwa ameutazama mara nyingi, ila zamani alikuwa akitazama godoro.

"Wewe hujawahi kuumwa?" aliuliza. Aliuliza kwa kutaka kujua.

"Nimeumwa. Mwaka ule wa homa nilishona raksini zote za hospitali nimelala chali, kitambaa kifuani. Kimya alikuwa ananishikia taa."

"Mbona sikuona?"

"Ulikuwa umekwenda kuuza."

Alilisema bila lawama, kama mtu anayekutajia alikoweka chumvi, na hilo ndilo lililomchoma. Angelia au angegomba, Mzee Pamba angejua la kufanya, maana mwanamume akigombezwa hujitetea. Aliona aibu. Aliiona hadi masikioni, akainama, akaanza kutoa nyuzi za pamba kwenye suruali yake moja moja, na hazikuisha.

"Fundi Viti amekupa pole," alisema hatimaye.

"Ya nini?"

"Ya kuwa na mimi."

Mama Pamba alisimamisha sindano. Alimtazama mumewe kwa muda, kisha uso ukamlegea, akacheka kidogo kwa pua. "Mwambie nimeipokea," alisema.

Mzee Pamba akaita. "Binti! Njoo na hiyo simu."

Binti alikuja mbio mno, na Shangazi na Kimya wakawa karibu naye mno, kwa watu waliokuwa upande wa pili wa ua na kazi zao.

"Mwandike mama yako penye mwanzilishi. Na mimi niandike huko kwingine."

"Cheo, baba?"

"Mauzo."

"Mauzo na uchukuzi," alisema Shangazi. "Magodoro unayabeba, usijipunje."

"Mshahara?"

Mzee Pamba alimwangalia mkewe. Ilimchukua muda kidogo kutambua kwamba swali hili si la kwake kulijibu. Mama Pamba naye alimwangalia kwa makini, akampima juu hadi chini kama anavyopima kitanda.

"Kama wa wenzake," alisema. "Akifanya vizuri tutaongea."

Kimya alitabasamu. Binti akaandika, akabonyeza, na simu za bandani zikaanza kulia moja baada ya nyingine. Shangazi alithibitisha kwa kumpa Binti simu na kumwambia bonyeza hapo, mimi ni Mkuu wa Kitengo sibonyezi. Kimya akathibitisha, Binti naye. Ya Mzee Pamba ikalia mwisho.

Aliishika mbali na macho, kwa mkono ulionyooka. Ujumbe ulimwambia ameandikwa kuwa mfanyakazi wa kampuni, na kwamba mwajiri wake ni, halafu likafuata jina la mkewe, jina lake lote, na la baba yake, na la babu yake. Hakuwa ameliona limeandikwa hivyo tangu siku ya ndoa yao. Aliyazoea majina mengine, mama watoto, Mama Pamba, wewe. Chini ya jina palikuwa na swali.

"Wanauliza kama ni kweli," alisema.

"Sasa nikujibie mimi?" alisema Mama Pamba.

Mzee Pamba alibonyeza Ndiyo. Kidole chake kilikuwa laini, hakikuwa na sugu hata moja, kwa hiyo simu ilikipokea mara ya kwanza.

*

Wiki iliyofuata hospitali ilipiga. Namba ya kampuni ilikuwa bado ya Mzee Pamba, hakuna aliyekumbuka kuibadilisha, na simu ilimkuta uani anapanga magodoro kwenye mkokoteni. Alikuwa na wiki nzima ya kuyabeba kuanzia asubuhi hadi Mama Pamba aseme basi, na mgongo ulikuwa umeanza kumjulisha mambo.

"Naomba kuongea na mwenye kampuni," ilisema sauti ya Afisa.

Mzee Pamba alifungua mdomo. Miaka ishirini na minane ya mazoea ilikuwa imeshajipanga ulimini, tayari kutoka.

"Subiri nikuitie," alisema.

Aliingia bandani ameibeba simu kwa mikono miwili. Mama Pamba alijifuta vidole, akaiweka sikioni upande usio sahihi, akaigeuza. Shangazi akaacha kuchambua. Binti akazima cherehani.

"Ndiyo, ni mimi," alisema Mama Pamba. Akasikiliza. "Wanne. Ndiyo." Akasikiliza tena, kwa muda mrefu zaidi, na Binti akamwona anafumba macho. "Ya vitanda vyote? Asante, mwanangu. Asante sana. Tutayaleta." Akawatazama wenzake na kutikisa kichwa juu chini, na Kimya akakaa chini pale pale alipokuwa amesimama, kwenye pamba.

Walidhani imekwisha, lakini Afisa alikuwa na swali jingine. Mama Pamba alilisikiliza amekunja uso.

"Yupi huyo? Mwenye shati jeupe?" alisema. "Aliyekuwa akija kila mwaka?"

Mzee Pamba alikuwa amesimama mlangoni, jasho linamtiririka, raksini begani. Alijua anaulizwa nani. Akangoja kusikia yeye ni nani, na hakuna siku aliyowahi kuogopa jibu la mkewe kama siku ile.

Mama Pamba alimtazama.

"Huyo ni mume wangu," alisema kwenye simu. "Na anafanya kazi."